Kutoka fishi za Yangambi hadi akili mnemba

Mwaka 1963 Waprotestanti walifungua Chuo Kikuu Huru cha Kongo mjini Stanleyville, ambao ndio Kisangani ya leo. Agosti 1964 waasi wa Simba waliuteka mji, lakini chuo hakikufa. Mwaka 1971 kilimezwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na mwaka 1981 kikarudi kusimama chenyewe: Chuo Kikuu cha Kisangani.

Miaka hiyo yote, kupitia maandishi ya waliotangulia ilikuwa kazi ya miguu na mkono. Mtafiti wa misitu alifuata Mto Kongo kilomita 100 hivi hadi Yangambi, kilichokuwa kituo kikuu cha utafiti cha INEAC, taasisi ya kilimo iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1933. Huko kulikuwa na maktaba, ripoti za Kifaransa na mimea mikavu iliyobandikwa kwenye karatasi, vielelezo zaidi ya laki moja. Alisoma, akanakili kwenye fishi, yaani kadi ndogo za kumbukumbu, akarudi mjini na mzigo wake.

Leo programu za akili mnemba hupekua maelfu ya makala na kutoa muhtasari kwa dakika chache. Ni msaada mkubwa kwa mwanafunzi asiye na fedha za kununua majarida.

Hata hivyo, programu husoma kilichomo kwenye intaneti, na sehemu kubwa yake ni Kiingereza. Tasnifu iliyopigwa taipu Kisangani na kubaki kabatini haionekani. Hatari zaidi, programu hizo huweza kutunga marejeo yasiyokuwapo, kwa hiyo kila chanzo kifunguliwe na kusomwa. Kazi ya dharura kuliko zote ni kuskani maandishi yaliyomo kwenye makabati hayo kabla unyevu wa msitu haujayaharibu.