Leseni ya fundi wa umeme: Yafika wapi mwenyewe anapovuka mpaka?

FUNDI wa umeme anayeishi Ongata Rongai na kutafuta riziki Karen huvuka mpaka wa kaunti mara mbili kila siku, asubuhi na jioni. Akishauacha Mto Mbagathi nyuma yake, ametoka Kajiado na kuingia Nairobi. Mwenzake wa Ngong huuvuka mpaka huo kupitia Bulbul, naye wa Kikuyu hutokea Kiambu kwa njia ya Thogoto na Dagoretti. Karen imekaa pembezoni mwa jiji, na mikono mingi inayoweka nyaya katika majumba yake hutoka nje ya jiji.

Kwa sababu hiyo, swali moja huzuka mara kwa mara baina ya mafundi na wenye nyumba: je, leseni aliyoipata mtu akiwa mkazi wa Kajiado yafaa kuhamishwa ndipo itumike Nairobi?

Kisheria haihamishwi, kwa kuwa haikuwa ya Kajiado tangu awali. Leseni za kazi ya umeme nchini Kenya hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, yaani EPRA, yenye makao yake Upper Hill. Jina hilo lilikuja na Sheria ya Kawi ya 2019. Kabla yake palikuwa na tume ya ERC iliyotokana na sheria ya 2006, na kabla ya tume hiyo, bodi iliyoundwa chini ya sheria ya 1997. Majina yamebadilika lakini eneo la leseni limebaki lile lile, nchi nzima, kuanzia Karen hadi Mandera.

Utata uliopo haukuzuka bure. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka sera ya kawi, usambazaji wa umeme na gesi, pamoja na udhibiti wa kawi, katika orodha ya majukumu ya serikali ya kitaifa. Kisha, katika orodha ya kaunti, usambazaji huo huo na udhibiti huo huo vimetajwa tena chini ya mipango na maendeleo ya kaunti. Msomaji wa kawaida akiyasoma maneno hayo pande zote mbili ana haki ya kuchanganyikiwa. Sheria ya 2019 ilijitahidi kuyagawa majukumu hayo, na katika mgawanyo huo leseni za mafundi na wakandarasi wa umeme zilibaki mikononi mwa mamlaka ya kitaifa.

Zipo karatasi zinazobadilika mtu anapohamisha ofisi yake kutoka Ngong hadi Karen. Kibali cha biashara hutolewa na kaunti ambako ofisi ipo, hivyo kile cha Kajiado hakifai Nairobi. Ramani za jengo nazo huidhinishwa na kaunti ya mahali jengo linaposimama. Usajili wa mkandarasi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011 na yenye ngazi kuanzia NCA 1 hadi NCA 8, ni wa nchi nzima kama ule wa EPRA.

Leseni mbili, ya mtu na ya kampuni

Wengi hujikwaa mahali pengine kabisa. Leseni ya fundi na leseni ya mkandarasi ni vitu viwili. Ya kwanza humfuata mtu kwa sababu ni ushahidi wa ujuzi wake. Ya pili ni ya biashara, nayo husimama juu ya ile ya kwanza: kampuni lazima iwe na fundi mwenye leseni ya daraja linalolingana na kazi inazoomba. Fundi huyo akijiuzulu na kwenda kwingine, huondoka na ujuzi wake, na kampuni iliyobaki na cheti ukutani haina wa kukitegemeza hadi impate mwingine wa daraja lile.

Madaraja yenyewe ni A1, A2, B, C1 na C2. C2 ndilo la chini, la kazi za fezi moja, yaani volti 240 za nyumba ya kawaida. A1 ndilo la juu. Tofauti hiyo ni nzito zaidi Karen kuliko katika mitaa mingi ya Nairobi. Nyumba iliyojengwa katika nusu ekari au zaidi, yenye pampu ya kisima, jenereta, hita za maji na nyumba ya wageni upande wa nyuma, mara nyingi huhitaji fezi tatu, volti 415. Fundi wa C2 anaweza kuwa hodari kuliko wote kijijini kwao, lakini kazi hiyo si yake kuitia sahihi.

Sahihi yenyewe si jambo dogo. Nyumba mpya haiunganishwi na Kenya Power mpaka mkandarasi atoe cheti kwamba nyaya zimewekwa na kupimwa inavyotakiwa. Anayeazima leseni ya rafiki yake ili apate cheti hicho humbebesha rafiki mzigo wote. Moto ukizuka, kampuni ya bima itataka kujua ni nani aliyetia sahihi, na jina lililo kwenye karatasi ndilo litakaloitwa.

Volteji ndogo ni ipi?

Neno lenyewe huleta mgongano. Kwa kipimo cha kimataifa, volteji ndogo ni umeme wote usiozidi volti 1,000 za mkondo geu, na hapo ndipo ulipo umeme wa nyumba zote za Karen. Nchini Marekani, leseni ya volteji ndogo huhusu nyaya dhaifu za ving'ora, kamera za usalama, simu na intaneti. Fundi aliyefanya kazi hiyo Atlanta kwa miaka kumi, akirudi nyumbani na kujitambulisha kwa jina hilo, huenda akapewa kazi asiyoijua, au akanyimwa anayoijua.

Nchini Kenya, kazi hizo za nyaya dhaifu zimetawanyika. Wakandarasi wa mitambo ya mawasiliano hupata leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Waweka ving'ora wametajwa katika sheria ya kudhibiti huduma za ulinzi wa kibinafsi ya 2016. Mitambo ya sola ilipewa kanuni zake mwaka wa 2012, zenye madaraja ya mafundi T1, T2 na T3, na T3 ndilo la juu. Ua wa umeme ni kioja peke yake: mteja huuhesabu miongoni mwa vitu vidogo vya ulinzi, pamoja na kamera ya volti 12, ilhali mipigo yake hufikia maelfu ya volti, ijapokuwa kwa muda mfupi mno. Paneli za sola zikiunganishwa kwa mfululizo juu ya paa nazo huweza kutoa mamia ya volti za mkondo mnyoofu. Kuviita vitu hivi umeme mdogo ni hatari.

Namanga na kuendelea

Mambo hugeuka fundi huyo akiteremka hadi Namanga. Upande wa pili, leseni za ufungaji umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya huduma za nishati na maji ya Tanzania Bara, kwa madaraja yake yenyewe, likiwemo la W la wafungaji wa nyaya. Herufi hizo hazilingani na za Kenya. B ya Upper Hill haiwi B ya Dodoma kwa kuwa tu imeandikwa vivyo hivyo. Kampuni nayo hukutana na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambayo humsajili mkandarasi wa kigeni kwa muda na kwa mradi maalumu. Uganda ina Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, ERA, na vibali vya ufungaji chini ya kanuni za 2003.

Hata ndani ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania upo mpaka. Mamlaka ya EWURA huishia Bara. Zanzibar ina chombo chake, ZURA, kilichoundwa kwa sheria ya 2013, na shirika lake la umeme, ZECO. Fundi wa Dar es Salaam anayepanda boti kwenda Unguja amevuka mamlaka ya leseni, jambo ambalo wa Rongai anayekuja Karen hajalifanya.

Kwenye karatasi, Afrika Mashariki ilikwisha kulitatua jambo hili. Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa sahihi Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ibara yake ya 11 huzitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti vya elimu na vya taaluma, tajiriba na hata leseni zilizotolewa na nchi nyingine ya jumuiya. Leseni imetajwa waziwazi. Hata hivyo, utekelezaji uliachiwa mikataba ya taaluma moja moja. Wahandisi wa Kenya, Uganda na Tanzania walitia sahihi wao Desemba 2012. Mafundi, ambao ni wengi kuliko wahandisi na ndio wanaopanda ngazi, mkataba huo haukuwagusa.

Wala si kwamba mipaka ilikuwa hivyo siku zote. Kampuni ya East African Power and Lighting, iliyoundwa mwaka wa 1922 na ambayo ndiyo mama wa Kenya Power ya leo, ilipata hisa za kuitawala TANESCO mwaka wa 1932 na leseni za kuuza umeme Uganda mwaka wa 1936, ikakaa huko hadi 1948. Umeme wenyewe haujaacha kuvuka. Ule wa Owen Falls uliletwa Kenya tangu miaka ya 1950. Mwishoni mwa 2024, njia ya volti 400,000 ya kutoka Isinya, Kajiado, hadi Singida iliwashwa. Fundi aliyeijenga upande mmoja alihitaji karatasi nyingine ili afuate waya uo huo upande wa pili.

Kisheria, anayevuka huhitaji kwanza ruhusa ya kuishi na kufanya kazi, kisha leseni. Tanzania ilizidisha ukali Julai 2025 kwa amri iliyowazuia wasio raia kufanya biashara 15, ukarabati wa simu na vifaa vya elektroniki ukiwa mojawapo. Anayetengeneza kamera na ving'ora ana sababu ya kuisoma amri hiyo kabla ya kufungua duka Arusha.

Wapo watakaosema umeme ni ule ule. Ni kweli kwamba nchi hizi tatu hutumia mizunguko 50 na plagi ya Kiingereza ya pini tatu. Lakini kuna mtego katika rangi za nyaya. Kwa mpangilio wa zamani wa Kiingereza, fezi tatu zilikuwa nyekundu, njano na buluu, na waya wa nyutro mweusi. Uingereza ilianza kuubadilisha mwaka wa 2004: fezi sasa ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni buluu. Nyeusi iliyokuwa nyutro imekuwa fezi, na buluu iliyokuwa fezi imekuwa nyutro. Katika nyumba ya zamani iliyoongezewa vyumba, mipangilio yote miwili huweza kukutana ndani ya sanduku moja. Mamlaka inayomtaka mgeni afanye mtihani kabla ya kupewa leseni haimwonei.

Wanaorejea kutoka Marekani

Kwa Wakenya walio Marekani, kuhama jimbo ni kama kuvuka Namanga. Hakuna leseni ya taifa. Georgia hugawanya leseni za volteji ndogo katika aina nne: za ving'ora, za mawasiliano, za jumla na zisizo na kikomo. California ina leseni yake iitwayo C-7. Texas huwasimamia waweka ving'ora kupitia idara yake ya usalama wa umma. Baadhi ya majimbo yana makubaliano ya kumsamehe mwombaji mtihani wa ufundi aliokwisha kuupita kwingine, ila mtihani wa sheria na dhamana hubaki. Huko California dhamana ya mkandarasi ni dola 25,000 tangu 2023. Arizona ilijitenga na desturi hiyo mwaka wa 2019 kwa sheria ya kuzitambua leseni za majimbo mengine kwa wanaohamia huko.

Hakuna hata moja kati ya leseni hizo inayohamia Kenya. Kinachosafiri ni vyeti vya masomo na ushahidi wa kazi. Vyeti vya nje hupelekwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kielimu, KNQA, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, ili vilinganishwe na ngazi za hapa. Asiye na cheti cha darasani aweza kupimwa ufundi wake na NITA, yenye majaribio ya Daraja la Tatu, la Pili na la Kwanza. Baada ya hapo ndipo ombi huenda EPRA, kwa jina lake na kwa daraja moja lililotajwa.

Kampuni ya kigeni ina njia yake. NCA huihesabu kampuni kuwa ya kigeni iwapo haikusajiliwa Kenya au hisa za Wakenya hazifiki asilimia 51. Kampuni ya namna hiyo husajiliwa kwa mradi mmoja na hutakiwa kuahidi kwa maandishi kwamba asilimia 30 ya thamani ya kazi, au zaidi, itakwenda kwa wenyeji, ama kwa ubia ama kwa kandarasi ndogo.

Mwenye nyumba wa Karen hahitaji kuyajua yote haya. EPRA huweka orodha ya walio na leseni kwenye tovuti yake. Jina la fundi, daraja lake na tarehe ya mwisho ya leseni hutazamwa kabla ya malipo ya kwanza kutolewa, na jina hilo hilo ndilo linalopaswa kuonekana kwenye cheti cha kukamilisha kazi.