UZI: Matibabu ni bure, lakini jino halimo

1/ Kila msimu wa kampeni hapa Mtopanga twaahidiwa "matibabu bure". Mimi nasoma sayansi ya siasa, na leo nataka tuiangalie hiyo ahadi kwa upande mmoja tu: jino. Simtaji mtu wala chama.

2/ Kwanza kisa. Mwaka jana mamangu aliumwa na jino. Akaenda kituo cha karibu, hakulipa kitu, akapewa dawa za maumivu na kuambiwa avuke daraja la Nyali atafute daktari wa meno mjini. Kutafuta nauli na pesa ya daktari kulichukua wiki tatu. Jino ambalo pengine lingezibwa, likang'olewa.

3/ Turudi nyuma. 1965 serikali ya uhuru iliondoa ada kwa wagonjwa wasiolazwa kwenye vituo vya umma. Hatua kubwa sana. Lakini Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno 1974. Kabla ya hapo, mtu alienda kusomea ng'ambo. Yaani matibabu yalikuwa bure miaka tisa kabla nchi haijaanza kusomesha wa kutibu meno.

4/ Desemba 1989 ikaja "kuchangia gharama", enzi zile wakopeshaji wa nje walipotaka serikali ipunguze matumizi. 1990 baadhi ya ada zikasimamishwa, 1992 zikaanza kurudi kwa awamu. Nyumba ikiwa na mtoto mwenye malaria na mzazi mwenye jino bovu, pesa inaenda kwa nani? Jino lavumiliwa.

5/ 2004 ada zikashushwa: shilingi 10 dispensari, 20 kituo cha afya. Juni 2013 zikaondolewa kabisa huko. Na hapa ndipo shida ilipo: dispensari nyingi hazina daktari wa meno wala kiti chake. Yeye yuko hospitali kubwa, na huko kulipa kuliendelea. Bure iliishia pale asipokuwepo.

6/ Si sisi peke yetu. Uingereza ilipoanzisha huduma ya afya ya taifa 1948, meno yalitibiwa bure. Kufikia 1951, meno bandia yalikuwa kati ya vitu vya kwanza kutozwa ada. Bajeti ikibana, jino ndilo huanza kung'olewa 😅

7/ Kwetu, utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulikuta takriban daktari mmoja wa meno kwa watu 42,000. Kiwango kinachopendekezwa ni mmoja kwa 7,000.

8/ Kuna atakayesema: "Pesa ni chache, tuanze na malaria na uzazi." Hoja ya haki kabisa. Lakini si lazima tungoje madaktari wapya maelfu. Vyuo vya KMTC hufundisha maafisa wa afya ya kinywa, wanaoziba na kung'oa. Afisa mmoja na kiti kimoja kwenye kituo cha afya cha mtaani ni gharama ndogo kuliko hospitali mpya. Na tundu dogo likizibwa mapema, mtu hafiki hatua ya uvimbe na usaha.

9/ Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Jedwali la Nne laweka vituo vya afya vya kaunti mikononi mwa kaunti. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF. Kwa hivyo anayeomba kura, wa kaunti au wa kitaifa, muulizeni:
– Kiti cha meno kilicho karibu nasi kiko wapi?
– Nani anakaa hapo, na siku ngapi kwa wiki?
– Kuziba jino kunalipiwa na nani, ama ni kung'oa tu?

10/ Akijibu "matibabu yatakuwa bure" bila kugusa hayo matatu, hajajibu. Ahadi hiyo tumeisikia tangu 1965.

Nanyi, mara ya mwisho kumuona daktari wa meno ilikuwa lini, na mlivuka daraja?