Hann. Münden: Hapa Ndipo Weser Inapozaliwa

Simama kwenye ncha hii ya kisiwa, katika mji wa Hann. Münden, Ujerumani, utazame maji. Mito Werra na Fulda inakutana hapa na kuacha majina yake. Kuanzia hapa hadi Bahari ya Kaskazini, mto ni Weser. Jiwe la ukumbusho wa makutano haya liliwekwa hapa mwaka 1899.

Maji haya ndiyo yaliyoutajirisha mji. Kwa haki ambayo mji ulipewa mwaka 1247, wafanyabiashara wapitao walilazimika kushusha shehena na kuiuza hapa kwanza. Utajiri huo uko mitaani: nyumba za boriti zaidi ya 700. Sogea karibu na ukuta mmoja. Kati ya boriti kuna fito zilizokandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu, kazi ambayo fundi wa nyumba za udongo Pwani angeitambua mara moja.