Alumini, Chumvi na Lori

Wengi husema alumini haishiki kutu. Ni kweli nusu tu. Ikikutana na hewa hujivika utando mwembamba wa oksidi unaoilinda. Chumvi ikiutoboa, vishimo huanza na unga mweupe hutokea.

Waliosumbuka mapema ni watengenezaji wa ndege za majini, si wa malori. Ndege hizo zilitumia duralumini, aloi ya Mjerumani Alfred Wilm, yenye shaba ndani yake. Shaba hiyo iliyoipa nguvu ndiyo iliyoifanya iliwe upesi na maji ya bahari. Mwaka 1923, huko Uingereza, Bengough na Stuart walizamisha vipande vyake katika asidi ya kromiki wakapitisha umeme, utando ukanenepa. Baadaye rangi za kwanza zenye kromati zikafika hadi kwenye matela.

Lakini kromiamu ya aina hiyo huleta saratani ya mapafu, na waliovuta vumbi lake ni mafundi waliopiga msasa na kupuliza rangi, si wenye magari. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kutumia asidi hiyo bila kibali tangu Septemba 2017, miaka 94 baadaye!

Kwa tela linalopakia bandarini Mombasa kuja kwetu Kampala, adui wa karibu zaidi ni boliti ya chuma. Chuma na alumini vikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa. Kinga yake haina sumu: kipande cha plastiki katikati, na kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi.