Kutoka kabureta hadi laptopu: nani anaijua injini yako?

Kuna ugonjwa umewashika washkaji zangu wa hapa Mwanza wenye Subaru na Mitsubishi za tabo. Wanataka kung'oa kompyuta ya injini iliyokuja na gari, ile ambayo mafundi wengi wanaiita kontroo boksi, na kufunga nyingine inayofunguka kwa laptopu. Ukishaifunga, unaamua mwenyewe injini inywe mafuta kiasi gani na plagi zichome wakati gani. Mmoja wao amedunduliza akiba ya mwaka mzima kwa kazi hiyo. Akaniuliza: "Wewe mwandishi, unasoma soma sana. Ninunue ipi?"

Mimi si fundi. Ila nilipoanza kuchimba nikagundua kwamba jibu la swali lake liko kwenye historia, tena historia ya hapa hapa Afrika Mashariki.

Tuanzie 1953. Mwaka huo, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yaliitwa Coronation Safari, baadaye East African Safari. Ilikuwa sherehe ya wakoloni, sawa, lakini barabara zilikuwa zetu: vumbi, tope, joto la pwani na hewa nyepesi ya nyanda za juu, vyote ndani ya mbio moja. Injini iliyopangwa Ulaya ilikutana na mambo ambayo aliyeipanga hakuwahi kuyaona.

Sasa angalia nani alishinda. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na fundi wa magari, akiwa na nduguye Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544 ambayo timu ya kiwanda ilikuwa imekwishaitumia. Mtumba, kwa lugha yetu! Joginder alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Tanzania, kwa Peugeot 404. Miaka ile madereva wa Ulaya walikuja na majina makubwa wakaondoka mikono mitupu. Mgeni wa kwanza kuchukua ushindi alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972, akiwa na Ford Escort.

Hiyo Peugeot 404 inanivutia zaidi, kwa sababu ilikuwa na toleo lisilotumia kabureta. Lilikuwa na pampu iliyozungushwa na injini, ikisukuma petroli kwa kipimo kwa kila silinda. Hakukuwa na umeme wala kompyuta katika kupima huko. Hesabu yote ya mafuta ilikuwa imechongwa kwenye vipande vya chuma. Ukitaka kubadili hesabu, unashika spana.

Halafu umeme ukaingia. Mwaka 1967 Bosch wa Ujerumani walileta mfumo wa kielektroniki wa kupuliza mafuta kwenye magari ya Volkswagen. Mwaka 1979 wakaunganisha mafuta na moto wa plagi katika kompyuta moja, kwenye BMW 732i. Ilikuwa hatua kubwa, lakini ilikuja na jambo ambalo watu hawalisemi sana: hesabu ikahamia ndani ya boksi lililofungwa. Fundi aliyekuwa akisikiliza mlio, akitazama rangi ya plagi na kuzungusha skrubu ya kabureta, ghafla akawa mgeni kwenye injini aliyoizoea.

Walioanza kulifungua boksi hilo ni watu wa mashindano. Huko Australia kampuni ya Haltech ilianza 1986, MoTeC ikafuata 1987, zikiuza kompyuta ambazo fundi anaweza kuzipanga mwenyewe. Mwaka 2001 Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, wakatoa MegaSquirt, ambayo mtu aliweza kununua vipande akavichomelea mwenyewe nyumbani. Kwa maneno mengine, boksi likarudi kwa fundi. Lakini kwa fundi yupi?

Hapo ndipo ninapotaka mshkaji wangu anisikilize. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya Mwanza ina mgandamizo pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na Dar es Salaam. Gari la kabureta lililopangwa Dar likifika huku linakunywa mafuta kuliko hewa inayoingia, plagi zinakuwa nyeusi. Kinyume chake ndicho cha kutisha. Chukua kompyuta iliyopangwa gerejini Nyakato kwa kufuata mkanyago wa pedeli tu, bila sensa ya mgandamizo wa hewa. Mwanza gari litakuwa tamu. Literemshe hadi Dar: hewa inaongezeka, mafuta yanabaki yale yale, moto ndani ya silinda unazidi, injini inaanza kugonga, pistoni inatoboka. Akiba ya mwaka mzima inaishia njiani.

Vivyo hivyo kwa wale wanaonakili faili la hesabu kutoka gari la Japani. Kule petroli ya daraja la juu hufika okteni 98 hadi 100, na taimingi imepangwa kwa hiyo. Ukiweka petroli ya chini ya hapo bila kurudisha taimingi nyuma, unaiua injini taratibu huku ukifurahia mlio wa eksozi.

Kwa hiyo nilimjibu hivi: usianze na jina la boksi. Anza na mtu atakayelipanga. Boksi lisome mgandamizo wa hewa na joto lake, lisikie injini inapogonga. Fundi awe na kipimo cha kusoma mchanganyiko wa hewa na mafuta kwenye eksozi, asikisie kwa harufu. Na usimalize pesa zote dukani. Tenga fungu la kutosha la kupanga, kisha la kupanga upya.

Amenuna kidogo, maana alitaka nimtajie jina moja tu. Lakini Joginder hakushinda kwa gari jipya kuliko ya wenzake. Alishinda kwa sababu aliijua mashine yake na aliijua ardhi inayopita chini yake. Vijana wanaojifunza ufundi pale VETA wakipewa laptopu na kipimo hicho pamoja na spana, sioni kwa nini hesabu ya injini inayopumua hewa ya Ziwa isipangwe na mtu wa Ziwa.

Tukutane tena wiki ijayo.