STRAAT, Amsterdam: Grafiti Imepata Keja

STRAAT ni jumba la makumbusho ya grafiti huko Amsterdam, Uholanzi. Jina lenyewe kwa Kidachi ni "mtaa". Lilifunguliwa 2020 ndani ya godauni la NDSM, yadi ya zamani ya kuunda meli, pale mafundi walikuwa wanachomelea vyuma. Kufika si noma: nyuma ya stesheni ya Centraal dandia feri ya NDSM, haulipi hata ndururu. Ukutani nje kuna sura ya Anne Frank, kazi ya Mbrazili Eduardo Kobra ya 2016. Hiyo pia unacheki bure. Doo ya tiketi ni ya kuingia ndani. Humo kuna kazi zaidi ya 150, nyingi zimechorwa papo hapo. Msee wa grafiti amezoea ukuta wake kupakwa rangi kesho yake. Hapa hakuna anayefuta.