Njia ya Hewani na Njia ya Miguu

Toka Bukavu mpaka Lubutu ndege hukata kadiri ya kilometa 320 za hewani, safari ya muda wa saa moja tu. Lakini mwaka wa 1996, kambi zao za Kivu ziliposhambuliwa, wakimbizi wa Rwanda walipita msituni kwa miguu majuma mengi, na wengi wakafa njiani. Mwezi wa Desemba makumi ya maelfu wakafika Tingi-Tingi, karibu na Lubutu. Pale barabara yenyewe ikawa kiwanja cha ndege: chakula kikashuka juu ya njia ileile waliyoijia kwa njaa. Mwisho wa Februari 1997 vita vikawafikia, wakakimbia tena kuelekea upande wa Ubundu. Tuwakumbuke marehemu wale. Mungu ajuaye hatua zao zote awapumzishe kwa amani.